Kwa nini ikoni uliyoifuta kwako imetoweka na kwa mwenzako?

Tuseme mama na mwanawe wanatumia kompyuta moja ya Windows, kila mmoja na akaunti yake. Mama anafuta ikoni ya mchezo kwenye deskitopu. Kompyuta inamwomba ruhusa ya msimamizi, anakubali. Mtoto akiingia kwenye akaunti yake, ikoni haipo. Siku hiyohiyo mama aliondoa pia ikoni kwenye upau wa kazi, ule ukanda wa chini ya skrini, lakini wa mtoto haukuguswa. Mbona la kwanza limemfikia na la pili halikumfikia?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mama ameondoa mchezo wenyewe. Hapana. Ikoni nyingi za deskitopu ni njia za mkato: faili dogo la aina ya .lnk linaloeleza programu ilipo. Likifutwa, programu inabaki palepale ilipowekwa, kwa kawaida ndani ya C:\Program Files, na mtoto akiutafuta mchezo kwa jina utafunguka.

Lakini hata wanaolijua hilo hubaki na dhana nyingine iliyokita mizizi zaidi: kwamba deskitopu ni folda moja, kila akaunti na yake, kwa hiyo ukifanyacho kwako kinaishia kwako. Dhana hii inaonekana ya haki kabisa, maana picha ya ukutani ni yako, mpangilio ni wako, nywila ni yako. Hata hivyo deskitopu unayoiona ni folda mbili zinazoonyeshwa kwa pamoja. Moja iko C:\Users, ndani ya folda yenye jina la akaunti yako. Nyingine ni C:\Users\Public\Desktop, nayo ni ya watu wote wa kompyuta hiyo. Hii ya pili hufichwa, ndiyo maana wengi hawajawahi kukutana nayo.

Fikiria vioo viwili vilivyopandanishwa. Cha nyuma ni kimoja tu kwa nyumba nzima. Cha mbele kila mtu anakuja na chake na kukiegemeza hapo. Ukitazama kutoka mbele, michoro ya vioo vyote viwili inaonekana kama iko kwenye uso mmoja, na jicho halina njia ya kujua upi uko wapi. Ukifuta mchoro wa kioo chako, hakuna mwingine aliyepoteza kitu. Ukifuta wa kioo cha nyuma, kila atakayekuja na kioo chake atakuta pameachwa wazi. Ile ruhusa ya msimamizi aliyoombwa mama ilikuwa dalili kwamba mkono wake umefika kwenye kioo cha nyuma.

Kuna ushahidi mzuri sana wa hili. Folda ya kawaida haikubali faili mbili zenye jina na aina ileile, lakini kwenye deskitopu unaweza kukuta ikoni mbili za programu moja, jina lilelile, zimekaa bega kwa bega. Kila moja inatoka folda yake.

Upau wa kazi hauna folda ya wote kama hiyo. Orodha yake imeandikwa kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ya mtumiaji mmoja mmoja, na njia zake za mkato zimo ndani ya folda zake binafsi, kwenye anwani ya folda ambayo hadi leo ina jina la Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft ilikistaafisha mwaka 2022. Kompyuta za ofisi ni suala jingine: huko msimamizi anaweza kumpangia kila mtu upau wake kwa sera, yaani kanuni anazoziwekea kompyuta za ofisi.

Kabla ya kufuta, bofya ikoni kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, nenda kwenye General, utazame mstari wa Location. Ukiona neno Public, ikoni hiyo ni ya wote. Ukitaka ionekane kwa mmoja tu, usiifute: ihamishe kutoka folda ya wote uiweke kwenye Desktop ya mtu huyo. Ikiwa deskitopu yake inahifadhiwa na OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi faili mtandaoni, folda hiyo huwa ndani ya folda yake ya OneDrive. Ukitaka tu skrini yako iwe tupu, bofya kwa kitufe cha kulia mahali patupu kwenye deskitopu, uzime “Show desktop icons” kwenye menyu ya View. Hilo huficha ikoni zako zote na halimgusi mwingine.

Kuficha ikoni hakumzuii mtu kufungua programu. Anayetaka kumzuia mtoto asicheze atumie mipangilio ya udhibiti wa wazazi. Tena, baadhi ya programu zikisasishwa huweka upya njia ya mkato kwenye folda ya wote, kwa hiyo ikoni uliyoihamisha ikijitokeza tena, anza kuchunguza na sasisho la mwisho.