Konversion: kambi ya jeshi inapogeuzwa kuwa mji wa raia

Kwa Kijerumani, mtu akibadili dini, kitendo hicho huitwa Konversion. Watu wa mipango miji nao wanalitumia neno hilohilo kwa kambi ya jeshi iliyoachwa: ardhi na majengo yanatoka mikononi mwa jeshi na kuingia mikononi mwa raia, yawe nyumba, ofisi, karakana, au msitu tu. Naona neno linafaa sana. Bendera ikishashushwa na geti kufunguliwa, mahali penyewe panakuwa bado hapajabadilika. Chini kuna mafuta ya magari yaliyomwagika miaka nenda rudi, vichakani kuna risasi, na majengo yalijengwa kwa ajili ya amri, si kwa ajili ya familia.

Anayetaka kuielewa dhana hii aiangalie Wünsdorf, kilomita 40 hivi kusini mwa Berlin, ambayo tangu 2003 ni sehemu ya mji wa Zossen. Jeshi la Kaisari lilipiga kambi hapo miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka 80, kila jeshi lililotoka lilipisha jingine.

Katika vita hivyo palijengwa pia Halbmondlager, yaani Kambi ya Hilali. Waliofungwa humo wengi walikuwa Waislamu waliotekwa wakipigana upande wa Uingereza na Ufaransa: watu wa Afrika Kaskazini, Afrika Magharibi na India. Wajerumani walitaka kuwashawishi wageuke, wapigane upande wa Sultani wa Uturuki, mshirika wao. Ndiyo maana Julai 1915 mateka hao walifunguliwa msikiti wa mbao wenye kuba na mnara, msikiti wa kwanza kujengwa kwa ajili ya ibada katika ardhi ya Ujerumani. Wataalamu wa lugha nao walifika kambini na mashine zao, wakawasimamisha mateka mbele ya pembe ya kunasia sauti, wakawarekodi wakisimulia na kuimba. Sahani hizo zipo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin. Msikiti haukudumu. Katikati ya miaka ya 1920 ulikuwa umechakaa, ukabomolewa.

Ukaja utawala wa Hitler, na Wünsdorf ikawa makao makuu ya jeshi la nchi kavu. Mahandaki ya Maybach yalianza kujengwa 1937. Ukiyatazama kutoka angani ungeona kijiji cha kawaida: nyumba zenye mapaa ya mteremko, madirisha na dohani. Kumbe kuta ni zege nene, na chini kuna orofa nyingine zilizounganishwa kwa njia za ardhini. Jirani yake likachimbwa handaki la simu lililoitwa Zeppelin, ambamo mawasiliano ya jeshi yalipitia kwenda kwenye medani za vita. Juu ya ardhi ilisimama minara ya zege iliyochongoka kama vichuguu, kazi ya mhandisi Leo Winkel. Umbo lile lilikuwa na sababu yake: bomu likiangukia ubavu wenye mteremko mkali linateleza hadi chini badala ya kutoboa. Minara kadhaa bado imesimama katikati ya miti, na ukiisogelea unaona alama za mbao za kumiminia zege.

Aprili 1945 Wasovieti wakaingia. Mahandaki mengi waliyalipua, lakini kambi yenyewe waliifanya makao makuu ya majeshi yao yote katika Ujerumani Mashariki. Humo waliishi makumi ya maelfu ya askari na familia zao, wakiwa na maduka, shule, ukumbi wa maonyesho, na treni ya moja kwa moja hadi Moscow. Mjerumani wa kijiji cha jirani hakuingia bila kibali. Wenyeji wakapaita die verbotene Stadt, Mji Marufuku.

Mkataba wa Septemba 1990 uliofungua njia ya kuungana kwa Ujerumani uliwapa Wasovieti hadi mwisho wa 1994 kuondoka. Waliondoka mwaka huo, na safari hii hakuna jeshi lililokuja kushika nafasi. Hapo ndipo Konversion inapoanzia. Jimbo la Brandenburg lilijikuta na karibu hekta 100,000 zilizoachwa na jeshi hilo katika eneo lake lote, ilhali fedha za serikali zilikuwa chache na watu wengi walikuwa wakihamia magharibi kutafuta kazi. Nyumba tupu unaweza kuikarabati, lakini mpangaji atatoka wapi? Swali hilo, kwa maoni yangu, ni gumu kuliko la risasi na mabomu yaliyobaki ardhini. Mabomu yana wataalamu wake.

Wünsdorf ilijibu kidogokidogo. Mabweni yaliyofaa yaligeuzwa nyumba za kupanga, na serikali ya jimbo ikahamishia baadhi ya ofisi zake hapo, ikiwemo inayosimamia majengo ya kale. Mwaka 1998 yalifunguliwa maduka ya vitabu vilivyotumika, na Wünsdorf ikajitangaza kuwa mji wa vitabu na mahandaki. Sehemu nyingine haijapata mtu hadi sasa. Jumba la maofisa wa Kisovieti limefungwa, rangi inabanduka kutani, na mbele yake sanamu ya Lenin bado imesimama.

Mwaka 2015, kabla ya kujengwa makazi ya wakimbizi mahali ilipokuwa Kambi ya Hilali, waakiolojia walichimba wakakuta mabaki ya ule msikiti wa mbao. Wakati huo wengi wa waliokuwa wakiingia Ujerumani kuomba hifadhi walitoka nchi za Kiislamu kama Syria na Afghanistan. Barabara ya hapo inaitwa Moscheestraße, Mtaa wa Msikiti.