"Mbona mmemwachia, na kila mtu anamjua?"

Swali hilo aliniuliza mama mmoja kwenye mkutano wa hadhara, na uwanja mzima ukapiga makofi. Kuna mauaji katani ambayo mpaka sasa hayana mshtakiwa. Kijana mmoja tulimkamata, tukamhoji, tukamwachia kwa dhamana. Mimi ndiye mkuu wa upelelezi wa wilaya, kwa hiyo lawama ni zangu. Pale uwanjani jua lilikuwa linazama, nikajibu kwa kifupi. Hapa nina nafasi.

Tuanze na huko kumjua. Tulipochukua maelezo ya hao wanaomjua, karibu wote walikuwa wameambiwa. Huyu kasikia gengeni, wa gengeni kasikia msibani. Ushahidi wa kusikia unanisaidia kujua pa kuanzia, lakini mahakamani hauwezi kumtia mtu hatiani kwa mauaji.

Hata aliyeona kwa macho yake ana mtihani. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la mtu aliyeitwa Waziri Amani, iliweka maswali ambayo mawakili wa utetezi wanayajua kwa moyo. Ulimtazama kwa muda gani? Ukiwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Ulikuwa unamfahamu kabla ya siku hiyo? Shahidi akiniambia "kulikuwa na taa," nitamuuliza taa gani: ya umeme, ya sola, au tochi ya simu? Ilikuwa upande gani? Yeye mtuhumiwa alikuwa ameipa taa uso au mgongo? Watu hukasirika hapo, wanaona nawatetea wauaji. Afadhali anikasirikie mimi barazani kwake kuliko kubabaika mbele ya jaji. Na aliyemtambua mtu usiku uleule akaja kumtaja wiki kadhaa baadaye, mahakama itataka kujua alikuwa anangoja nini.

Kijana mmoja akasema, basi mpelekeni tu, mahakama itaamua. Nilimwelewa, lakini mauaji adhabu yake ni kunyongwa, na jaji hatamtia mtu hatiani akiwa na shaka ya msingi. Akishaachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa, na rufaa ikashindikana, hashtakiwi tena kwa kosa hilo hata ushahidi mzuri upatikane kesho yake. Wenzetu Kenya walipelekana mahakamani mara mbili kuhusu Julie Ward, Mwingereza aliyeuawa Maasai Mara mwaka 1988. Watu wawili waliachiwa 1992, wa tatu akaachiwa 1999. Mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia. Jalada la mauaji halifungwi kwa kupitwa na wakati. Naweza kustaafu nikamwachia mwingine aliendeleze.

Vielelezo viko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa uchunguzi wa vinasaba (DNA), nasi tunangoja majibu kama ninyi. Hapa nina neno na majirani. Tulipofika, marehemu alikuwa amefunikwa khanga mbili za watu tofauti, na kuna aliyekwishadeki sakafu. Najua ni kumsitiri marehemu. Siku nyingine fungeni mlango, mtu mmoja asimame nje, na mtupigie 112.

Mzee mmoja alitaka tuseme marehemu aliuawaje hasa. Hilo sitasema, na familia yake imenielewa. Yapo mambo ya chumba kile ambayo muuaji anayajua nasi tunayajua, basi. Mauaji yakivuma, huweza kujitokeza mtu akadai kuua na hakuua, au mwingine akakiri kwa hofu. Nitampimia kwa mambo hayo. Yakishatangazwa uwanjani, hata mwongo ataweza kuyasimulia.

Mama mwingine alinifuata pembeni mkutano ulipokwisha: "Nikisema, jina langu litatoka?" Inategemea. Mtoa taarifa ni mtu wa siri. Ukinionyesha lilikotupwa panga, nitalifuata panga, na wewe hutatajwa. Shahidi ni mwingine: huyo ataapa na kuulizwa maswali mshtakiwa akimsikia. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na mahakama inaweza kuamuru jina lifichwe, ila sitamwahidi mtu kitu ambacho uamuzi wake si wangu. Asiyetaka kuonekana kituoni amtafute polisi kata, au amtume mtu aniite. Nitakuja na nguo za kiraia.