Kisamoa cha t na Kisamoa cha k: yanayosemwa na yalivyo

Wanasema: katika Kisamoa, lugha ya visiwa vya Samoa huko Pasifiki, matamshi ya k ni ya wasiosoma.

Kinachoponza watu ni jina. Wasamoa wenyewe huyaita tautala leaga, "kusema vibaya", na yale ya t tautala lelei, "kusema vizuri". Katika leaga, t hugeuka k, na n hugeuka ng' ya ng'ombe, sauti ambayo Wasamoa huiandika g. Tagata, yaani mtu, kanisani ni tang'ata, nyumbani ni kang'aka.

Lakini kang'aka haiishii nyumbani. Mwanaanthropolojia Alessandro Duranti alirekodi vikao vya fono, baraza la wakuu wa koo, katika kijiji cha Falefā kisiwani Upolu. Huko kila kitu kina itifaki: nani aketi wapi, nani afungue mazungumzo, nani anyweshwe 'ava (kinywaji cha mizizi ya kava) kwanza. Na hotuba hutolewa kwa k! Sijui ni wahuni gani hao wanaohutubia wazee wa kijiji. Mzee huyohuyo akisali, akisoma Biblia au akiongea redioni, anahamia kwenye t.

Wanasema: t ndiyo heshima.

Heshima ya Kisamoa imekaa kwenye msamiati. "Njoo" ya kila siku ni sau. Mkuu wa ukoo huambiwa afio mai au susū mai, na mkuu msemaji huambiwa maliu mai. Yatazame vizuri: hayana t wala n, kwa hiyo yanatamkwa vilevile kwa mitindo yote miwili. Kwenye kula, neno la kawaida ni 'ai, la heshima ni taumafa. Anayemkaribisha mkuu chakula kwa kusema kaumafa ana adabu kuliko anayemwambia 'ai, hata kama huyo wa pili t zake zote zimenyooka.

Wanasema: t ililetwa na wamisionari.

Hapana, waliikuta. John Williams wa London Missionary Society alifika 1830, na Biblia nzima ya Kisamoa ilikamilika 1855, ikiandikwa kwa t. Walichofanya ni kuipa t hadhi ya kanisa na shule. Sauti yenyewe ni ya kale. Kitonga, Kitahiti na Kimaori wanayo mpaka leo. K ya sasa ndiyo changa. K ya zamani ilikwishageuka mkato mfupi wa kooni, ndiyo maana samaki, ambaye kwa Kimaori ni ika, Samoa ni i'a. Hawaii nao walipita njia hiyohiyo, t ikawa k: mtu kwao ni kanaka.

Wanasema: k zote ni za mitaani.

Keriso, yaani Kristo, ana k hata madhabahuni, kwa kuwa ni neno la mkopo. Kwa hiyo mwanafunzi asikimbilie kurudisha t kila anaposikia k. Ng' nayo ina mtego wake: fana ni bunduki, faga ni ghuba, na kwa tautala leaga yote mawili hutamkwa fang'a.