Kupanda mikoko siyo kuihifadhi

Kila mvua zinapokaribia, vikundi, shule na kampuni huja kuomba ushauri, na ombi huwa lile lile: tuonyeshe ufuo ulio wazi tupande mikoko mingi iwezekanavyo. Dhana kwamba uhifadhi hupimwa kwa idadi ya miche ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwani hupoteza fedha na wakati mwingine huharibu majani ya bahari yaliyokuwa yakistawi mahali hapo.

Mikoko huota katika ukanda ulio kati ya usawa wa wastani wa bahari na kikomo cha maji ya bamvua, yaani maji yanayojaa kuliko siku nyingine. Chini ya hapo, kwenye tope linalofunikwa na maji kwa saa nyingi mno, mizizi hukosa hewa na miche hufa. Hata hivyo huko ndiko watu wanakokimbilia kupanda, kwa kuwa tope hilo halina anayelidai. Tena hupanda aina moja tu, ile iitwayo hasa mkoko, ambayo mbegu yake ndefu huchomekwa kwa urahisi, hata pale ambapo kwa asili zingeota aina nyingine za mikoko kama mchu au mlilana. Ufilipino imepanda mamilioni ya miche kwa njia hiyo, na sehemu kubwa haikuishi.

Uliza kwanza kwa nini msitu haukurudi wenyewe. Ikiwa tuta la bwawa la kufugia kamba lililotelekezwa limezuia maji, libomoe. Maji yakipita yataleta mbegu kutoka miti jirani bila malipo. Ushauri wangu ni jembe kabla ya mche, ingawa wachache huupenda, kwa sababu mfereji haupendezi pichani.

Wapo wanaosema mti ukikatwa utachipua. Mchu huchipua, mkoko uliokatwa chini ya matawi yenye majani hufa. Wengine huwalaumu wakata kuni pekee, wakisahau mashamba ya chumvi, mafuta yanayomwagika na mabwawa ya mtoni yanayonyima pwani tope na maji baridi. Wala mikoko haihitaji chumvi ili iishi: huivumilia tu.

Dhana ya mwisho, ambayo wenye miradi ya ujenzi huipenda sana, ni kwamba msitu uliofyekwa hufidiwa kwa miche kwingineko. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko imo udongoni, na udongo huo ukichimbuliwa hutoa kile kilichojikusanya kwa karne nyingi, kiasi ambacho miche ya mwaka huu haiwezi kukirudisha kabla ya mradi wenyewe kuchakaa.