Pasi ya msindikizaji: kufika getini bila tiketi

Kusindikiza mgeni kwetu ni kutembea naye, si kumpungia mkono mlangoni. Uwanja wa ndege ndio unaokata safari hiyo katikati: ukaguzi unapoanzia, msindikizaji anarudi. Pasi ya msindikizaji ni kibali kinachomruhusu mtu asiyesafiri kupita ukaguzi na kufika hadi kwenye geti la kupandia ndege. Nitaieleza kwa mfano wa Marekani, ambako wenzetu wengi hupokea na kuaga wazazi.

Zamani huko hakukuwa na haja ya pasi. Ukaguzi wa abiria wote na mizigo yao ya mkononi ulianza mwaka 1973, lakini ukishakaguliwa ulikuwa huru kwenda kumsubiri ndugu yako getini hata kama huna tiketi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ruhusa hiyo iliondolewa na ndani wakabaki abiria na wafanyakazi.

Mlango mmoja uliobaki ni wa mashirika ya ndege. Kaunta ya shirika inaweza kumpa pasi ya siku hiyo mtu anayempeleka mtoto anayesafiri peke yake, mzee, au mwenye ulemavu. Fikiria bibi aliyekuja kuona wajukuu, anayejua Kiswahili na Kiha tu. Ameketishwa geti la 12, kisha inatangazwa kwa Kiingereza kwamba ndege yake imehamia geti la 31. Asipokuwa na mtu wake pembeni, atabaki ameketi palepale. Kwa hiyo uliza pasi hii kaunta bila kuona haya, ukijua kwamba uamuzi ni wao.

Mlango wa pili ulifunguliwa Pittsburgh mwaka 2017: pasi ya uwanja wenyewe, kwa yeyote, awe anasindikiza mtu au anataka kula na kutazama ndege tu. Uwanja ule ulikuwa na nafasi. Jengo lake la mwaka 1992 lilijengwa kuwa kituo kikuu cha US Airways, shirika hilo likapunguza safari zake, kumbi na maduka yakabaki na watu wachache. Seattle, Tampa na New Orleans nao walikuja na pasi zao.

Kwa kawaida unajaza jina lako mtandaoni mapema, linalinganishwa na orodha ya serikali ya watu wasioruhusiwa, kisha unakuja na kitambulisho na kukaguliwa sawasawa na abiria. Ndiyo maana hofu kwamba pasi hizi zinalegeza usalama naona haina msingi: mashine inatafuta silaha na vilipuzi, na tiketi haibadilishi kilichomo mfukoni. Tatizo la kweli ni foleni, na viwanja vingine huweka idadi maalumu ya wageni kwa siku.

Usiitegemee kumpokea mtu anayetoka Dar es Salaam au Nairobi. Yeye atapitia uhamiaji na forodha, na huko pasi haifiki; msubiri nje.

Ukipewa kwa ajili ya mtoto, usiondoke mlango wa ndege ukishafungwa. Mashirika hutaka ubaki hadi ndege iruke. Ikiahirishwa na abiria wakashushwa, mtoto akukute palepale mlipoagana.