Kiapo cha Askari: Yanayosemwa Stejini na Yaliyo Kwenye Sheria

Usajili wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) ukikaribia, kila steji ya Nakuru na Kisumu hupata wataalamu wa jeshi. Mengi wanayosema hayana madhara. Machache yanaweza kumfikisha mtu kizimbani.

"Askari humwapia Rais, basi." Rais ni Amiri Jeshi Mkuu, kweli, kwa kifungu cha 131 cha Katiba. Lakini cheo hicho amekipata kwa Katiba hiyohiyo, na yeye pia huapa kuilinda. Kifungu cha 239 kinakataza vyombo vya usalama kuegemea chama chochote cha siasa. Askari ana kura yake kama raia mwingine. Asichoruhusiwa ni kuiingiza sare kwenye siasa.

"Amri ni amri." Hapa ndipo wengi hupotea, tena pande zote mbili. Sheria ya KDF ya 2012 inamtaka askari atii amri halali. Ukiambiwa ujaze magunia ya mchanga usiku kucha kwenye mvua, amri hiyo ni ngumu lakini ni halali. Ukigoma, ni kosa la kijeshi, hata kama unaona kazi yenyewe haina maana. Ukiambiwa umpige risasi mtu aliyekwisha kusalimu amri na kufungwa mikono, hiyo ni jinai, na "niliagizwa na afande" haitakuokoa. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) na ambao Kenya iliuridhia 2005, unasema wazi kwamba amri ya kufanya mauaji ya kimbari au kutenda uhalifu dhidi ya binadamu haiwezi kamwe kuwa halali. Kwa hiyo swali la askari si kama amri inampendeza. Ni kama inavunja sheria.

"Ukishaapa huna haki tena." Si kweli. Kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu sheria impunguzie askari haki fulani zilizotajwa moja moja: faragha, kujiunga na vyama, maandamano, mambo ya kazi kama mgomo, haki za kiuchumi na kijamii, na zile za mtu aliyekamatwa. Haki ya kutoteswa na ya kusikilizwa kwa haki haziguswi. Aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu.

"Jeshi laweza kuletwa mtaani wakati wowote." Inategemea linakuja kufanya nini. Mto Nzoia ukivunja kingo Budalang'i, KDF inaweza kuja kuokoa watu kisha Bunge la Taifa lipewe ripoti. Kutuliza ghasia ni jambo jingine: kifungu cha 241 cha Katiba kinadai idhini ya Bunge hilo kwanza.

Halafu kuna zile video za askari wakiapa mkono wa kulia ukiwa juu. Nyingi ni za Marekani, na hata huko viapo ni viwili: cha askari wa kawaida kinataja kutii amri za Rais na maafisa, cha ofisa hakitaji. Zile "tunu saba", yaani orodha ya maadili ya askari, zinazosambazwa nazo ni za jeshi la nchi kavu la Marekani. Kwetu, makadeti, yaani wanaoandaliwa kuwa maofisa, hufunzwa Lanet, hapa Nakuru, na hupewa kamisheni, yaani cheo cha uofisa. Makurutu, wanaoandaliwa kuwa askari wa kawaida, huenda Eldoret. Usichanganye njia hizo mbili unapouliza masharti.

"Bila laki kadhaa huingii." Usajili ni bure. Siku yenyewe beba kitambulisho na vyeti halisi. Kwa makurutu, matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka umri wa miaka 18 hadi 26, KCSE isiyopungua D, urefu wa mita 1.60, na uzani wa kilo 54.55 kwa wanaume au 50 kwa wanawake. Hakuna dalali awezaye kukuongezea sentimita mbele ya kipimo, kwa hiyo anachouza mara nyingi ni barua ya wito. Barua bandia haigunduliki nyumbani. Hugunduliwa Eldoret langoni, jina lisipopatikana kwenye orodha. Hapo mwenye barua hukamatwa, sanduku likiwa bado mkononi.