P2 huzuia mimba, haizuii mengine

Zamani binti wa pwani akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi. Mafunzo yale yalikuwa na kasoro, hasa yalipomhimiza kumridhisha mume na kunyamaza, ila alikuwa na mtu mzima wa kumuuliza mambo ya ndani. Siku hizi ndoa huchelewa na mapenzi hayaisubiri. Somo wa wengi ni simu na rafiki wa hosteli.

Anayeingia famasi jioni na kunong'ona "naomba P2", kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ni binti. Mwenzake yuko nje kwenye bodaboda, au kamtumia hela tu. Uhuru wa kupendana wameupata wawili, kazi ya kujikinga kaachiwa mmoja, na hilo ndilo linalowachosha wanawake tunaowahudumia.

P2 ni dawa iitwayo levonorgestreli. Huchelewesha yai kutoka, kwa hiyo imezwe mapema, ndani ya saa 72 baada ya tendo. Yai likishatoka, haisaidii. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, wala haiui kizazi kama mabinti wanavyotishana. Lakini anayeimeza kila wiki huvurugikiwa hedhi, asijue kama ana mimba au la, na kila mwezi anakesha na hofu. Huyo afadhali sindano, kijiti au kitanzi. Anayetumia ARV yenye efavirenzi, au rifampisini ya kifua kikuu, amwambie mhudumu, maana dawa hizo huipunguza nguvu P2.

Kinachonishangaza ni kwamba mimba inaogopwa kuliko virusi vya UKIMWI. Aliyekwenda peku, bila kondomu, na mtu ambaye hajui hali yake ya afya anakimbilia P2, lakini PEP, dawa ya kuzuia virusi hivyo baada ya kujiweka hatarini, haikumbuki, ingawa nayo ina saa 72 zilezile za kuanza, kisha humezwa siku 28. Duka la dawa la mtaani si mahali pake. Nenda kituo cha afya, hata usiku.

Halafu kuna hii "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyoisha. Uchafu wenye harufu, maumivu chini ya kitovu, dozi tatu za dukani, na tatizo linarudi. Mara nyingine ni kisonono au klamidia, ambavyo visipotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi. Hapo tatizo huweza kurudi kwa sababu mwenza hajatibiwa: hana dalili, kwa hiyo anajiona mzima. Pimeni wote, mtibiwe wote. Kama unaona aibu kumwambia, muombe mhudumu akuandikie karatasi ya kumwita.